Maji Yaligeuka Njano: Miezi Yangu na Buluu ya Prussia

Kwa miezi saba maji ya kwenye seli yangu ya labu, yaani chombo cha kupitishia umeme kwenye maji, yalikuwa yanageuka njano na mimi nayaona kabisa, nayamwaga, naweka mengine, naendelea na kazi. Naandika hii kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi yuko labu huku kwetu anafanya hivyohivyo, ana namba nzuri, ameshaanza kuandika andiko la jarida, na hakuna mtu wa kumwambia hebu simama kwanza.

Nilikuwa nafanya masta ya kemia hapahapa Tanzania, jina la chuo tuliache. Nilitaka kutengeneza haidrojeni kutoka kwenye maji kwa umeme. Wanaojua wanajua kwamba upande mgumu sio ule wa haidrojeni, ni ule wa oksijeni, kinadharia volti 1.23 zinatosha kuyapasua maji lakini kiukweli lazima uongeze, na hiyo volteji ya ziada ndiyo hasara yenyewe, ni umeme unalipia halafu unageuka joto tu. Ili kuipunguza unahitaji kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha mmenyuko. Kwenye asidi watu wanatumia iridiamu ambayo bei yake hata usiulize. Kwenye alkali unaweza ukatumia nikeli, chuma, kobalti, vitu ambavyo labu yetu inaweza kununua. Ndipo dokta wangu, msimamizi wa masta yangu, akaniambia, jaribu ndugu wa buluu ya Prussia, wanaitwa PBA, ni rahisi.

Na kweli ni rahisi kutengeneza, hapo hakunidanganya. Buluu ya Prussia yenyewe ni rangi ya zamani, ilipatikana Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, wengi wanataja 1706. Habari inayosimuliwa ni kwamba fundi wa rangi aliyeitwa Diesbach alikuwa anataka kutengeneza rangi nyekundu, akatumia potashi aliyoipata kwa Dippel, kumbe hiyo potashi ilishachafuliwa na mabaki ya damu ya wanyama, nyekundu haikutoka, ikatoka buluu. Hilo la potashi chafu likumbuke, mimi pia potashi chafu imenitesa.

Kwa ndani ni kama kreti za soda zimepangwa juu kwa juu. Kwenye kila kona kuna atomu ya metali, na kati ya kona na kona kuna kaboni na naitrojeni zimeshikana, yaani sayanaidi. Ukibadilisha metali za kwenye kona, weka nikeli badala ya chuma, au kobalti, unapata ndugu mwingine mwenye umbo lilelile lakini tabia tofauti. Na kreti nyingine zina kona zilizokosekana, hapo maji yanaingia na kukaa. Kwa mtu wa kichocheo hiyo ni raha, metali ziko wazi, nafasi zipo nyingi, na unatengeneza kwa bika mbili, maji na stira, joto la chumbani, huhitaji tanuru wala chombo cha presha. Kwa labu kama yetu ambayo oveni moja inagombewa na watu tisa, hiyo ni neema.

Nilipomwambia mama natengeneza buluu akadhani ile ya kufulia sare nyeupe za shule. Ya dukani siku hizi nyingi ni ultramarini, kitu kingine kabisa. Ila shemeji yangu aliyeko Geita kwenye plenti ya kuchenjua marudio aliposikia neno sayanaidi hakucheka, alinipigia simu usiku. Akaniambia, "Shemeji, hiyo kitu sisi tunalala nayo, sikiliza, chokaa kwanza. Alkalini ikiwa juu sayanaidi inakaa kwenye maji. Ikishuka tu inatoka kama hewa, na hiyo hewa haikupi nafasi ya pili." Nilimwambia yangu ni tofauti, imeshikwa na chuma, haiachii ovyo. Nilikuwa sahihi nusu tu.

Nusu iliyo sahihi ni hii. Sayanaidi iliyoshikwa na chuma imeshikwa kwa nguvu sana, mpaka buluu ya Prussia inatolewa kama dawa ya kumeza kwa mtu aliyeingiwa na kisiamu yenye mionzi au thaliamu. Kule Goiânia, Brazili, mwaka 1987 ilitumika kwa watu waliopatwa na kisiamu iliyotoka kwenye mashine ya hospitali iliyotelekezwa. Marekani waliipitisha rasmi mwaka 2003. Kwa hiyo unga wenyewe ukikuangukia mkononi sio mwisho wa dunia, unanawa.

Nusu niliyokosea ilikaribia kunigharimu. Mwezi wa pili bika zangu zilikuwa zimeshika doa la buluu ambalo sabuni haitoi. Mimi nikachukua asidi ya haidrokloriki kali, nikamimina, nikaweka kwenye hotipleti ili ifanye kazi haraka. Sio hata ndani ya fyumu hudi, lile kabati linalovuta hewa chafu, mezani tu. Mzee wa labu alikuwa anapita, akaona buluu, akaona chupa ya asidi, akaona moshi, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Binti, zima. Toka nje. Wote tokeni nje." Alifungua madirisha yeye mwenyewe kutokea nje. Asidi kali na moto vinaweza kuivunja hiyo kreti na gesi ya haidrojeni sayanaidi ikatoka. Hakuna aliyeumia, lakini nilikaa kwenye ngazi natetemeka, na mzee hakunigombeza, alikaa tu pembeni yangu mpaka nikatulia. Nikamwambia samahani mzee. Akasema kesho nitakuonyesha.

Kesho yake akanionyesha, na ndivyo nafanya mpaka leo. Doa la buluu unalitoa kwa alkali, sio asidi. Unaweka potasiamu haidroksaidi iliyopunguzwa, buluu inapotea, inabaki kutu ya kahawia na maji ya njano. Hayo maji ya njano yana ferosayanaidi, yanakwenda kwenye chupa ya taka za sayanaidi, ya alkali, yenye jina lake kubwa, na haikai kabati moja na taka za asidi. Unasuuza mara nyingi sana ndipo unaweza kugusa ile kutu kwa asidi kidogo. Naomba mtu asiruke hii sehemu. Na ukiwa na mpango wa kuichoma PBA kwenye tanuru kupata kaboni na metali, au kuichanganya na haipofosfaiti kupata fosfaidi, ujue gesi za sumu zitatoka, za sayanaidi kwenye ile ya kwanza na fosfini kwenye ya pili, bomba la kutolea hewa lipite kwenye mtego wa kemikali unaofaa na kila kitu kiwe ndani ya fyumu hudi inayovuta kweli, sio ile ambayo feni yake ilikufa zamani na watu wanaitumia kama stoo.

Unaona sasa, niliona kabisa kwa macho yangu kwamba alkali inaivunja buluu na maji yanageuka njano. Nimeoshea bika kwa kemia hiyohiyo. Halafu naenda meza ya pili naweka kichocheo changu ndani ya potasiamu haidroksaidi mola 1 na nategemea kitakaa vilevile. Vitu viwili vilikaa kichwani mwangu miezi yote hiyo bila kukutana.

Nirudi kwenye kutengeneza kidogo. Nilikuwa namimina chumvi ya nikeli ndani ya potasiamu ferisayanaidi kwa mara moja, inaganda hapohapo kama uji, unga laini mno usio na umbo. Dawa yake ni sodiamu sitreti, unaichanganya kwanza na nikeli, inaishika nikeli na kuiachia polepole, unaacha masaa 24 bila kutikisa, zinatoka kyubu nzuri zenye ukubwa unaofanana. Ukikosa subira hapa utalipa mbele. Jambo jingine ambalo hakuna andiko lililoniambia ni kuosha. Ile ya chuma kwa chuma, ukiiosha na maji safi mara ya kwanza inashuka vizuri kwenye sentrifyuji, mara ya pili inashuka, mara ya tatu haishuki tena, maji ya juu yanabaki buluu na unadhani bado kuna uchafu, unaendelea kumwaga. Nilimwaga karibu nusu ya bidhaa yangu hivyo. Kumbe ukishaondoa chumvi zote vile vichembe vinaelea vyenyewe. Malizia na ethanoli au maji na ethanoli nusu kwa nusu, vitashuka.

Na unyevu jamani. Tuko pwani. Hizi kreti zinashika maji kama mkate, unga niliopima asubuhi miligramu 5 mchana unasoma zaidi na sijaongeza kitu. Ukiandika uzito wa kichocheo kwenye elektrodi huku theluthi ya unga ni maji hujui unagawanya nini na nini. Pima ukitoka tu kwenye desiketa, chombo cha kukaushia, na kama kuna mashine ya TGA, inayopasha unga moto huku ikiupima uzito, mahali popote unapoweza kuomba, omba, ijulikane maji ni asilimia ngapi.

Sasa vipimo vyenyewe. Potenshostati, mashine ya kuendesha volteji na kupima mkondo, ilikuwa moja, zamu yangu Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi nikimbembeleza mtu. Nilipaka unga wangu wa nikeli na chuma kwenye sponji ya nikeli kwa sababu kila andiko nililosoma walikuwa wanatumia sponji ya nikeli. Siku ya kwanza nikapata milivolti 250 za ziada kwenye miliampia 10 kwa sentimita ya mraba, na hiyo namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Nilipiga kelele. Nilimtumia dokta picha ya skrini saa nne usiku, akajibu "hongera sana". Nikampigia mama, nikamwambia mama imewezekana, akaniombea dua kwenye simu. Nikaandika muhtasari wa kongamano wiki hiyohiyo.

Wiki tatu baadaye dada mmoja wa PhD akaniuliza swali dogo tu, sponji tupu imekupa ngapi? Sikuwa nimepima sponji tupu. Nikaipima. Sponji tupu, bila kitu, baada ya mizunguko kadhaa ya kupandisha na kushusha volteji ilikuwa inanifuata kwa karibu sana, kwa sababu nikeli yenyewe ikishalowa alkali inajifunika haidroksaidi na hiyo ni kichocheo. Na kile kilima kizuri nilichokuwa nakionyesha kwenye prezentesheni, pale volti 1.35 mpaka 1.45, kilikuwa ni nikeli inaoksidishwa, na mimi nilikuwa nasoma miliampia 10 juu ya mgongo wa kilima badala ya kwenye oksijeni. Nilitoa muhtasari wangu. Ile barua pepe ya kujitoa niliiandika mara nne.

Nikahamia kwenye elektrodi ya kaboni ya kioo, ile ya milimita 3, ambayo eneo lake ni sentimita za mraba 0.07 tu. Niliagiza kwa hela yangu, pamoja na usafiri na ushuru ilinitoka laki mbili na ushee, na ikakaa bandarini mpaka nikasahau. Hapa namba zikapanda mpaka 340. Ilikuwa ya ukweli zaidi lakini iliniuma.

Halafu elektrodi ya marejeo, ile ya kulinganishia volteji. Labu ilikuwa na ile ya fedha na kloraidi ya fedha tu, nikaitumia ndani ya alkali mwezi mzima. Kile kizibo chake cha mwisho kinaharibika, alkali inaingia ndani, kloraidi inatoka nje, na volteji inahama kidogo kidogo bila kukuambia. Data ya mwezi mzima nilitupa. Kwa alkali tumia ya zebaki na oksaidi ya zebaki. Na usichukue namba ya kubadilishia kutoka kwenye andiko la mtu maana kila mmoja ana yake, hakiki mwenyewe kwa platinamu kwenye maji yaliyojaa haidrojeni. Kama huna mtungi wa haidrojeni kama mimi, weka elektrodi moja mpya kabisa kabatini isiyoguswa na kazi, kila Jumatatu iweke ile ya kazi pamoja nayo kwenye bika moja na upime tofauti kwa multimita. Ikizidi milivolti chache, kuna shida. Multimita ya fundi umeme inatosha kabisa. Na kama unapima upande wa haidrojeni usitumie platinamu kama elektrodi ya pili, inayeyuka kidogo na kuja kukaa kwenye kichocheo chako halafu unasifia nikeli kwa kazi ya platinamu. Tumia fimbo ya grafaiti.

Umeme pia. Kipimo cha uimara kinatakiwa kwenda masaa 24 au zaidi, mimi wangu ulikatika saa la 17. Nikaanza upya, ukakatika saa la 9. Watu wanadhani unaweza kuunganisha vipande, hapana, umeme ukikata kichocheo kinarudi nyuma, kinabadilika, ukiwasha tena sio kipimo kilekile. Nilinunua UPS ya mkononi mwa mtu, betri yake ikawa imekufa, nikabadilisha betri. Uhesabu hiyo gharama mapema, na kompyuta nayo iwe na chaji na uzime masasisho yake.

Kilichonivunja moyo kabisa kilikuja mwezi wa sita. Nilitengeneza sampuli ya kulinganisha isiyo na chuma hata kidogo, nikeli na kobaltisayanaidi, unga wa buluu nyepesi mzuri. Nilitegemea iwe dhaifu. Siku ya kwanza ilikuwa dhaifu. Lakini kadiri nilivyoizungusha ikawa inakuwa bora, mzunguko wa 50 bora kuliko wa 10, wa 200 bora kuliko wa 50. Nikaanza kuandika nadharia kuhusu kobalti. Dokta akaniambia soma kuhusu chuma kwenye alkali kabla hujaandika mstari mwingine.

Basi nikasoma. Tangu 1987 Corrigan alishaonyesha kwamba chuma kidogo sana ndani ya alkali kinaifanya haidroksaidi ya nikeli itoe oksijeni kwa urahisi zaidi. Mwaka 2014 Trotochaud na wenzake kwenye kundi la Boettcher kule Marekani wakaonyesha wazi kwamba sehemu kubwa ya sifa ambazo watu walikuwa wanaipa nikeli ni chuma kilichoingia kama uchafu kutoka kwenye potasiamu haidroksaidi ya dukani. Potashi chafu, kama ile ya Diesbach. Yeye ilimpa rangi, mimi ilinipa kichocheo ambacho sikukitengeneza.

Kusafisha kunawezekana na hakuhitaji mashine. Unachukua naitreti ya nikeli safi sana, unaigandisha kwa potasiamu haidroksaidi upate haidroksaidi ya nikeli, unaiosha, unaichanganya na potasiamu haidroksaidi unayotaka kuitumia, unatikisa, unaacha ikae usiku kucha, unazungusha kwenye sentrifyuji na kuchukua maji ya juu. Ile nikeli inanyonya chuma. Yote hii kwenye vyombo vya plastiki maana alkali inakula kioo na kioo kina chuma chake. Nilikuwa naifanya Ijumaa jioni, kwa sababu hakuna mtu wa kugombania sentrifyuji. Na hesabu ya mola pia, vile vidonge vya potasiamu haidroksaidi karibu asilimia 15 ni maji, ukipima gramu 56 kwa lita huna mola 1. Mimi nilikuwa sina, muda wote.

Kwenye alkali safi sampuli yangu ya kobalti ikabaki dhaifu, zaidi ya milivolti 400, mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilikaa mbele ya skrini nikalia, nasema ukweli. Sio kwa sababu imekuwa dhaifu, ni kwa sababu kila kitu nilichokuwa nacho kwenye faili kilikuwa kimepimwa kwenye alkali chafu, kwenye rejeo bovu, au kwenye sponji.

Nilimpelekea dokta vyote. Hakusema pole wala hakusema endelea. Alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza, "Baada ya kipimo, maji yanakuwa rangi gani?"

Nikasema njano.

Akasema, "Na unga uliobaki kwenye elektrodi, umeuangalia?"

Sikuwahi. Nilikuwa nafuta elektrodi kwa pamba na alumina, naosha, napaka mpya. Wiki hiyo nikapaka unga mwingi kwenye karatasi ya kaboni, nikaendesha masaa mawili, nikaukwangua, nikaupeleka kwenye FTIR, mashine inayotambua vifungo vya atomu kwa mwanga wa infraredi. Kile kilima cha sayanaidi pale 2,100 hivi, ambacho kabla ya kipimo kilikuwa kirefu kama mnara, hakikuwepo. Nikarudia, hakikuwepo. Niliomba XRD, kipimo cha eksirei cha kuona mpangilio wa atomu, chuo kingine, majibu yalichukua wiki tano, vilima vya kreti vyote vimepotea, imebaki michirizi mipana isiyoeleweka. Maji ya njano nikayaweka kwenye UV-Vis, mashine ya kupima mwanga unaonyonywa, kilele kikatokea nanomita 420, ferisayanaidi. Yaani kreti ilivunjika, sayanaidi ikaondoka na chuma chake kwenye maji, na kilichobaki kinafanya kazi ni haidroksaidi ya nikeli yenye chuma kidogo. Na sehemu ya mkondo wa dakika za kwanza haikuwa oksijeni hata, ilikuwa ferosayanaidi inaoksidishwa kuwa ferisayanaidi. Nilichokiita kichocheo kilikuwa kuni. Moto ulikuwa kitu kingine.

Hapo ndipo tesisi yangu ikabadilika. Kichwa cha mwanzo kilisema PBA kama kichocheo cha oksijeni kwenye alkali, kikawa PBA kama malighafi ya kutengenezea haidroksaidi. Na kusema kweli sio kitu kidogo, kyubu zikivunjika taratibu zinaacha haidroksaidi yenye vitundu vingi na metali zilizochanganyika vizuri kuliko ukigandisha moja kwa moja, kwa hiyo njia ina faida yake, ila uiseme kwa jina lake. Gharama ilikuwa semesta nzima ya ada ya ziada na kodi ya chumba, na mdogo wangu alisubiri hela yangu ya kumsaidia mpaka mwaka uliofuata. Sikumwambia sababu kwa sababu sikujua namwambiaje.

Kama ningeanza upya ningeuliza swali moja kabla ya kununua chochote, kwamba kazi yangu inafanyika kwenye pH gani, yaani asidi au alkali kiasi gani. Kwenye alkali kali kreti haikai, isipokuwa uonyeshe vinginevyo kwa vipimo vya kabla na baada. Kwenye maji ya kawaida yasiyo asidi wala alkali hadithi ni tofauti kabisa, kundi la Galán-Mascarós kule Tarragona, Hispania, walionyesha 2013 kwamba ndugu wa kobalti na chuma anatoa oksijeni kwenye pH 7 na anadumu. Kwa sensa, yaani vihisi, za haidrojeni peroksaidi buluu yenyewe ni hodari mno, Karyakin wa Urusi alishaiita peroksidesi ya kutengenezwa, yaani kama enzaimu bandia ya peroksaidi, inasoma peroksaidi karibu na volti sifuri ambako vitu vingine vya kwenye sampuli havisumbui, ndio maana wanaifunga na enzaimu kupima sukari. Na kwenye betri za sodiamu ndiko hela iko, kampuni ya betri ya CATL ya China ilipotangaza betri yake ya sodiamu 2021 yenye wati-saa 160 kwa kilo, upande wa chanya ulikuwa ni ndugu mweupe wa buluu hii. Hapo adui mkubwa ni yale maji ya ndani ya kreti, na mtu wa Dar anajua unyevu ni nini.

Rafiki yangu wa meza ya jirani alikuwa kwenye sensa. Siku moja akaniita nione, alikuwa amepaka buluu kwenye kioo kinachopitisha umeme, akashusha volteji kidogo na rangi ikaanza kuondoka mbele ya macho yetu mpaka kioo kikawa cheupe, akapandisha ikarudi buluu. Tulirudia kama mara ishirini. Nilikuwa kwenye kipindi kibaya na hicho kioo kilinirudishia hamu ya hii kemia kuliko maneno ya mtu yeyote.

Nilidifendi mwezi wa kumi na moja. Mtahini wa nje alitumia muda mwingi kwenye vitu ambavyo mwanzoni niliona ni vidogo, elektrodi tupu iko wapi, fidia ya ukinzani wa maji ya seli umeweka asilimia ngapi (niliweka 85, kwa sababu nilipojaribu 100 mashine ilianza kutetemeka na mstari ukawa kama msumeno), umegawanya kwa eneo gani, alkali umesafisha vipi. Vyote nilikuwa navyo, kwa sababu vyote vilishaniumiza.

Juzi kijana aliyerithi meza yangu amenitumia picha ya seli yake. "Dada shikamoo, samahani kwa usumbufu, haya maji mbona yamekuwa ya njano, nimwage niweke mengine?"

Nilikuwa kwenye daladala. Nikamjibu marahaba, usimwage, na elektrodi usiifute, weka lebo, nakuja.